Kocha wa Kabati Lisilokuwapo

Saa moja asubuhi, na tayari watu wazima sita wanahamisha kabati la nguo. Ni la milango miwili na ni zito kwelikweli. Wawili wamelishika kwa chini, wawili wamelikumbatia ubavuni, mmoja anatembea kinyumenyume huku akigeuza shingo asije akajikwaa, na wa sita, mama mwenye futi kamba shingoni, anawaelekeza kwenye kona. Mishipa imewasimama. Jasho linawatoka.

Kabati lenyewe halipo.

"Kunja magoti kwanza, usije ukaulaumu mgongo kesho!" anasema kwa sauti mwanamke aliyeketi kwenye kiti cha plastiki karibu na jukwaa, filimbi mkononi, mguu wa kushoto ameunyoosha mbele. "Na wewe wa nyuma, mbona unatabasamu? Mtu aliyebeba kabati hatabasamu!"

Mwandishi wa makala haya amechelewa kidogo. Anaingia kwa mlango wa pembeni, anaona kiti kitupu upande wa pili, anakatiza katikati ya ukumbi kwenda kukaa.

"Ukuta!"

Wanapiga kelele watano kwa pamoja. Wa sita, bwana mmoja mwenye skafu shingoni, anafungua mdomo, anakumbuka jambo, anaufunga na kujipiga paja kwa hasira. Filimbi inalia. Mwandishi anasimama kama mwizi aliyemulikwa tochi.

"Umepita katikati ya kabati," anaelezwa na mwenye filimbi. "Toka nje, uingie upya. Na safari hii uzunguke, tafadhali. Watu wako kazini hapa."

Mwandishi anatoka. Anaingia upya. Anazunguka. Na kwa aibu kidogo anajikuta amebana tumbo asije akagusa mlango wa kabati.

"Ehee, umeona?" mwanamke anacheka mpaka kiti kinalia chini yake. "Hata hujakaa, tayari umeliamini."

Huyo ndiye Kocha. Ana jina, lakini ukilitaja katika ukumbi huu watu watakuuliza unamtafuta nani. Ana umri wa miaka hamsini na minne, mwili wa mtu aliyezoea jua la uwanjani, na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Kazi yake ni kukichezesha kikundi cha maigizo mpaka kichoke, kisha kukiambia kiigize.

Maigizo yenyewe ni ya papo kwa papo. Hayana andiko wala mazoezi ya kukariri. Mtu yeyote katika hadhira anatupa neno, na waigizaji wanapanda jukwaani na kutunga mchezo hapohapo, mbele ya macho yako, bila kujua wao wenyewe utaishia wapi. Ukifika vizuri, ukumbi unavunjika mbavu. Ukienda mrama, hakuna pa kujificha.

Kikundi hiki kina umri wa miaka kumi na moja. Ukumbi wao, uliopo nyuma ya duka la rangi, una viti mia mbili, na zamani watu walisimama hadi mlangoni. Mwaka jana walikuwa wakija watu thelathini, arobaini wakibahatika.

"Na nusu yao walikuwa shemeji zetu," anasema Mwenyekiti wa kikundi, yule mama wa futi kamba, ambaye mchana ni fundi cherehani. "Mtu akiona shemeji yake kwenye kiti cha mbele wiki ya sita mfululizo, anajua mambo yameharibika."

Mwenyekiti ndiye aliyemleta Kocha. Kwa miaka mingi alikuwa akimshonea sare za timu yake ya mpira wa pete, maana Kocha alifundisha mpira huo tangu ana miaka ishirini na mbili. Alifundisha wasichana wa shule, akafundisha timu ya mtaa, akacheza na kufundisha kwa wakati mmoja. Kisha, miaka tisa iliyopita, aliruka kudaka mpira na kutua vibaya.

"Goti likaniambia, 'mama, mimi nashukia hapa,'" anasimulia. "Likashuka kweli. Sijaruka tena tangu siku ile."

Leo anafundisha michezo kwa vipindi katika shule ya msingi, akiwa amekaa kitini. Mshahara wa vipindi si wa kujivunia. Katika kikundi anapata mgao mmoja wa kiingilio, sawa na mwigizaji yeyote. "Unatosha sabuni na nauli," anasema, na hapo hapo anabadilisha mazungumzo, maana si jambo linalomnyima usingizi.

Siku ya kwanza alipoalikwa kutazama onyesho, alikaa mstari wa tatu na kukunja uso.

"Nilitazama watu wanne wamesimama jukwaani kama wanasubiri kufunguliwa zahanati," anakumbuka. "Wanaongea, wanaongea, wanaongea. Maneno mazuri, sikatai. Lakini hakuna aliyeinua mguu. Mmoja anasema ameshikwa na njaa ya kufa, na mkono uko mfukoni! Nikamwambia Mwenyekiti, shoga yangu, timu yako ina midomo sita na haina mguu hata mmoja."

"Nikamjibu, basi njoo uwape miguu," anadakia Mwenyekiti.

Akaja na filimbi yake.

Anayoyafanya ni michezo, michezo hasa, ile ambayo watoto huicheza uwanjani. Kuna kukimbizana ambako anayekimbizwa ni lazima akimbie polepole mno, kila msuli ukionekana. Kuna mchezo wa sanamu: wawili wanacheza, filimbi inalia, wanaganda, wa tatu anamgonga mmoja bega, anachukua mahali pake katika mkao uleule, na kutoka hapo anaanzisha kisa kipya kabisa. Mtu aliyekuwa ameinua mikono akimwomba mke wake msamaha anageuka mpaka rangi wa dari.

Kuna mchezo anaoupenda kuliko yote. Kila mtu anazunguka ukumbi akitanguliza kiungo kimoja cha mwili. Pua, au tumbo, au goti.

"Jaribu," anamwambia mwandishi. "Tanguliza tumbo. Si hivyo, liachie! Sasa tembea. Unajisikia nani?"

Mwandishi anajisikia mwenye nyumba aliyekuja kukagua wapangaji, na anasema hivyo.

"Nani kakwambia?"

Hakuna.

"Tumbo limekwambia!" Kocha anapiga makofi. "Hukupanga, hukufikiri. Mwili umekupa mtu, na mtu akishakuja anakuja na maneno yake. Hawa walikuwa wanafanya kinyume. Wanasimama, wanasubiri kichwa kiwape sentensi, na kichwa kikiwa na hofu hakitoi kitu."

Juu ya michezo yote ipo sheria ya ukuta. Kitu kikishawekwa jukwaani kwa mikono, kipo. Iwe meza, mlango au kabati, hakuna ruhusa ya kupita katikati yake. Anayepita, hadhira inapiga kelele "Ukuta!", filimbi inalia, na mwigizaji anatoka jukwaani mpaka kisa kiishe. Hakuna rufaa.

Sheria hiyo ilipoanza kutumika, watazamaji waliipenda kupita kiasi. Kuna wanaokuja kuwinda kosa tu. Kiongozi wao ni mama mkwe wa Kocha, bibi wa miaka sabini na minane mwenye macho makali na huruma kidogo, ambaye kiti chake ni kile cha mbele, cha katikati.

"Wakwe wengine wanawafukuza watu nyumbani," anasema bibi huyo kwa fahari. "Mimi nawafukuza jukwaani."

Lakini si kila mtu alifurahi, na hapa ndipo habari yetu inapokaza kamba.

Yule bwana wa skafu wanamwita Spika. Ni mshereheshaji wa harusi, mtu mwenye sauti nzito na ulimi mwepesi, na kwa miaka yote kumi na moja yeye ndiye aliyekuwa akikiokoa kikundi. Mwenzake akikwama, Spika anatupa kichekesho. Kisa kikipoa, Spika anatupa kingine. Kocha alipoingia na michezo yake ya kukimbizana, Spika aliona anadharauliwa.

Mwezi uliopita alisimama kwenye mkutano na kusema maneno ambayo wenzake bado wanayakumbuka: "Mimi nimekuja kuigiza. Sikuja kuruka kamba."

Wawili wakamuunga mkono. Watu wazima wenye familia, walisema, hawawezi kuwa wanabeba hewa kila asubuhi ya Jumamosi. Kikundi kikagawanyika tatu kwa tatu. Mwenyekiti, ambaye hapendi vita nyumbani kwake, akatoa uamuzi: onyesho kubwa la mwezi huu ndilo litakalokuwa hakimu. Baada yake watapiga kura. Michezo ikishindwa, itaondoka, na Kocha ataondoka nayo.

"Nilisema sawa, kwa mdomo," anasema Kocha. Kicheko kimemtoka usoni. "Lakini moyoni niliumia sana. Unajua, goti lilipokufa nilikaa nyumbani mwaka mzima natazama dirisha. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa sina uwanja tu. Hata vipindi vya shule havikunirudishia. Hawa watu ndio walionirudishia uwanja."

Mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, anaukumbuka mwaka huo vizuri. "Nyumba ilikuwa kimya kama kuna msiba, na hata alipopata vipindi vya shule kimya hakikuisha. Siku aliyotoka kukifundisha kikundi mara ya kwanza, alirudi anaimba. Nikasema moyoni, hata kama wanabeba hewa huko, wacha wabebe."

Sasa, wiki moja kabla ya onyesho, likatokea la kutokea. Spika alisherehesha harusi ambayo kipaza sauti kilikufa kabla ya keki kukatwa. Mtu mwingine angeketi. Yeye aliupigia kelele ukumbi wa wageni mia tatu mpaka maharusi walipoondoka. Asubuhi yake alifungua mdomo kuomba chai, na hakuna kilichotoka.

Daktari alikuwa mkali. Wiki mbili bila kusema neno. Hata kunong'ona asithubutu, la sivyo sauti yenyewe inaweza isirudi kama ilivyokuwa.

Kikundi kikataharuki. Keshia, dada anayefanya kazi kwenye dirisha la benki na ambaye ndiye mdogo wao kwa umri, alikuwa wa kwanza kusema kile ambacho wote walikifikiria: waahirishe. Bila Spika nani atawaokoa wakikwama?

Mwenyekiti alimgeukia Kocha. Na Kocha, ambaye kuahirisha kungempa muda zaidi wa kukaa kwenye kikundi, alikataa.

"Niliwaambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," anasema. "Sauti imekwenda, sawa. Mwili wake umekwenda wapi? Ana mikono miwili, ana miguu miwili, ana ule uso. Atapanda jukwaani vilevile."

Spika alitikisa kichwa kukataa. Akatoa simu, akaandika ujumbe mrefu, akauonyesha kwa watu wote. Kocha hakuusoma. Alinyoosha kiganja, akaichukua simu, akaikalia.

"Sema na mimi sasa," akamwambia.

Wiki iliyofuata haikuwa rahisi. Spika alikuja mazoezini kila jioni akiwa amenuna. Alichezesha mikono kama askari wa barabarani, akijaribu kutafsiri kila neno alilokuwa nalo kichwani. Aliinua pembe yake ya kabati kwa vidole viwili.

"Baba, kabati lako ni la karatasi?" Kocha alimuuliza.

Jioni ya tatu akawaamuru wabebe meza ya kweli, ile ya mbao ngumu iliyopo mlangoni, kutoka mwanzo wa ukumbi hadi mwisho. Wakaitua. Akawaambia waiache meza hapo, warudi walikotoka, na kuibeba tena bila meza.

"Sitaki muigize uzito," alisema. "Mwili umeubeba sasa hivi, bado haujasahau. Uulizeni. Na mkiitua, msisahau vidole. Kila mtu anakumbuka kuinua kitu, lakini cha mwisho kabisa ni kutoa vidole chini yake."

Spika alishusha upande wake. Akachomoa vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja. Wa kushoto ukanasa. Aliuvuta, haukutoka. Akautazama, akawatazama wenzake, na uso wake ukapitiwa na mambo ambayo hakuna hotuba ya harusi ingeweza kuyasema: maumivu, aibu, kisha heshima ya mtu anayejifanya hakuna kitu kilichotokea. Keshia alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Hapo nikajua tuna onyesho," anasema Kocha. "Ila sikujua kama yeye anajua."

Na hivyo tunafika jioni ya Jumamosi ileile tuliyoianza na kabati. Habari kwamba Spika atapanda jukwaani bila sauti ilikuwa imezunguka mtaa mzima, na watu wamekuja kuona kwa macho yao. Viti zaidi ya mia vimejaa. Mama mkwe yuko mahali pake. Kocha amesimama pembeni ya jukwaa akiegemea nguzo, filimbi mdomoni.

"Tupeni neno!" Mwenyekiti anawaita watazamaji.

"Mama mkwe!" anajibu mama mkwe mwenyewe kabla mtu yeyote hajavuta pumzi, na ukumbi wote unaangua kicheko.

Neno ndilo hilo, hakuna kuchagua. Kisa kinaanza. Keshia ni mke, Spika ni mume, na mama wa mume yuko njiani anakuja kuwatembelea. Ukutani kuna doa kubwa ambalo Keshia anasema halitakiwi kuonwa na mgeni huyo hata kwa bahati mbaya. Spika anatazama doa. Anatazama kona ya pili. Anatema mate viganjani, anakunja magoti, na akisaidiwa na mwenzake mmoja anayefanya udereva wa teksi, analileta kabati.

Linakuja. Haki ya Mungu, linakuja! Linakwaruza sakafu, linainama, linataka kuwaangukia, na bibi mmoja katika mstari wa pili anainua mikono kuwasaidia. Wanalitua. Spika anachomoa vidole. Mkono wa kushoto unanasa.

Ukumbi unalipuka. Anavuta, anapiga kabati teke, anajifanya ameuacha mkono pale kwa kupenda kwake, anaegemea, anapiga miayo. Watu wanafuta machozi, na kisa hakijafika hata nusu.

Kisha kosa linatokea.

Keshia alikuwa ametoka kwenda jikoni kuleta chai. Anarudi mbiombio na sinia lake la hewa, amelishika vizuri kabisa, hajamwaga hata tone, macho yako kwenye vikombe. Na anaingia moja kwa moja katikati ya kabati.

"UKUTA!"

Watu mia na zaidi wanasimama. Sauti ya mama mkwe iko juu ya zote, na kidole chake kimenyooka kama rula. Keshia anaganda palepale, sinia mikononi, mwili wake wote ndani ya kabati. Rangi inamtoka usoni. Kwa sheria, kisa kwake kimekwisha. Mke akitoka, mchezo mzima unaanguka, na mtu ambaye siku zote hutupa kichekesho cha kuokoa jahazi hana sauti.

Kocha amejaza hewa mashavuni. Filimbi iko mdomoni. Ni sheria yake mwenyewe, aliyoitunga, aliyoitetea, na ambayo asubuhi hii imemtoa nje mwandishi wa habari. Wote wanamtazama.

Anaitoa filimbi mdomoni.

"Nilimwona Spika," anaeleza baadaye. "Alikuwa ameacha kuvuta mkono. Anatazama kabati. Niliona mabega yake yameshuka, na mtu akishusha mabega amepata kitu. Ningepuliza, ningemnyang'anya mpira akiwa mbele ya goli."

Spika anachomoa mkono wake ulionasa, taratibu, kama vile ulikuwa huru muda wote. Ananyata hadi mbele ya kabati. Anatega sikio. Anagonga mlango, mara mbili, kwa adabu. Anasikiliza tena. Anawageukia watazamaji, macho yamemtoka pima, na kuwaonyesha kwa kidole: kuna mtu humu ndani!

Watu wanaanza kucheka, bado hawajui wanacheka nini.

Anatafuta ufunguo mfukoni. Wa kwanza siwo. Wa pili siwo. Wa tatu unazunguka. Anaufungua mlango wa kushoto, kisha wa kulia, anasogeza nguo zilizotundikwa, moja, nyingine, koti zito, na nyuma ya koti hilo anamkuta mke wake ameshika sinia la chai.

Wanatazamana.

Na Keshia, Mungu ambariki, anaelewa. Anakohoa vumbi. Anaondoa shati lililomfunika kichwa. Anamkabidhi mume wake kikombe.

"Sukari nimeikosa," anasema. "Nimetafuta mpaka huku."

Mwandishi wa makala haya amehudhuria mechi za fainali na harusi za watu wakubwa, lakini hajawahi kusikia kelele kama zile. Vumbi lilidondoka kutoka darini. Na kisa hakikuishia hapo, kiliota mbawa. Mwenyekiti aliingia kama mama mkwe, akalifungua kabati, akawakuta wawili. Dereva wa teksi akaja kudai ujira wa kubeba, naye akajificha humo. Mwishoni watu sita walikuwa wamebanana ndani ya kabati lisilokuwapo, mabega juu, pumzi zimebanwa, wakipokezana kikombe kimoja cha chai isiyokuwapo, na hakuna hata kiwiko kimoja kilichotokeza nje ya milango.

Mama mkwe wa kweli alikuwa ameketi chini kabisa kwenye kiti chake, leso mdomoni. "Nimeshindwa," alisikika akisema. "Leo wamenifungia nje."

Spika alipopata ruhusa ya kuongea wiki iliyofuata, mwandishi alimtafuta kwa simu. Sauti yake bado ilikuwa na mchanga. "Zamani Keshia akikosea, ningesema kichekesho, watu wangecheka, na yeye angebaki na kosa lake," alisema. "Siku ile sikuwa na pa kukimbilia. Ilinibidi nimfuate kulekule alikokosea. Miaka kumi na moja nasema nawaokoa wenzangu. Kumbe nilikuwa nawaruka."

Lakini usiku ule wa onyesho hakuwa na sauti, na kura ilikuwa bado.

Watazamaji walipoondoka, sita hao walikaa kwenye ukingo wa jukwaa, wameloa jasho. Kocha alijitenga kwenye kiti chake cha plastiki, akijifanya anafunga viatu ambavyo havina kamba. Mwenyekiti akasimama.

"Haya, jamani. Ahadi ni deni. Anayetaka michezo iendelee ainue mkono."

Mikono ikainuka. Wa Keshia ulikuwa wa kwanza. Wa dereva, aliyekuwa upande wa Spika, ukafuata. Mitano. Wa Spika haukuonekana.

Spika aliteremka jukwaani. Akainama, akaokota kitu sakafuni, akakifumua mafundo taratibu. Ilikuwa kamba, ndefu, kila mtu aliiona. Ncha moja akampa Mwenyekiti. Nyingine akaishika mwenyewe. Wakaanza kuizungusha, na vichwa vya wote vikawa vinapanda na kushuka kuifuata. Kisha yule aliyesema hakuja kuruka kamba akampa Keshia ncha yake, akaingia katikati, na akaruka, mtu mzima wa kilo tisini, skafu ikimpiga usoni.

Wakapiga kelele kama watoto wa shule waliosikia kengele ya mwisho. Spika alitoka kwenye kamba, akaenda mpaka kwenye kiti cha plastiki, akanyoosha mkono.

"Goti langu," Kocha alisema.

Spika alimwonyesha kwa kiganja urefu wa kamba kutoka sakafuni. Ilikuwa chini kabisa, haifiki hata kwenye soli ya kiatu.

Kocha aliushika mkono huo. Akauma midomo. Akainuka, akachechemea hadi katikati, akasubiri kamba izunguke mara moja, mara mbili, kama alivyowafundisha wasichana wake wote. Kisha akainua visigino.

Vilipanda kidogo tu, labda upana wa kidole. Kamba ilipita chini yake bila kugusa. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anahesabu kwa sauti.

Sasa ana mipango, na ukimwacha ataisema mpaka kesho. Anataka kufungua kundi la Jumapili la watu wenye magoti kama lake, migongo mibovu na umri mkubwa, wacheze michezo yote wakiwa wamekaa. Mama mkwe wake ameshajiandikisha, kwa sharti kwamba naye afundishwe kubeba kabati. Spika ameahidi kulitangaza kundi hilo katika kila harusi atakayoisherehesha, kipaza sauti kikiwepo.

Lakini lililo kubwa kuliko yote analisema mwishoni, akiwa ameshika mlango wa ukumbi, kwa sauti ya chini ambayo si yake. Katika onyesho lijalo hatasimama pembeni. Filimbi ataishika Mwenyekiti. Yeye atapanda jukwaani kuigiza, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Anaogopa?

"Sana. Mama mkwe ameshaniambia hatanihurumia." Anacheka, na sauti inarudi mahali pake. "Miaka tisa nimekaa benchi, mwandishi. Usiandike mambo mengi. Andika tu, Kocha anaingia."